Kadi ya kura ninayo, lakini kwenye orodha ya mtaa sikuwamo

Jumapili ya tarehe 14 Desemba 2014 nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja kituo cha kura cha mtaa wetu hapa Moshi mjini, kadi yangu ya mpiga kura ikiwa kwenye pochi. Kijana aliyekuwa na daftari alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudia tena. "Samahani mama, jina lako halimo." Nikamtolea kadi. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ya uchaguzi mkuu. Hapa wanaangalia orodha ya mtaa, na kuandikisha kulishakwisha.

Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Masika ya mwaka ule maji ya mfereji yaliingia ndani hadi kwenye godoro la mtoto, na ndiyo maana nilitaka mwenyekiti atakayesimamia mfereji ule uzibuliwe. Mtu wa kunitetea kwenye jambo hilo si mbunge. Ni mwenyekiti wa mtaa na kamati yake, hao hao ninaowafuata nikitaka barua ya utambulisho.

Kosa langu wanalo watu wengi, nawasikia hadi leo pale soko la Mbuyuni ninapouza ndizi. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume ya Uchaguzi, na ndilo la rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na orodha yake inaandikwa upya kila uchaguzi, mtaani kwako. Uwe na kadi ya Tume usiwe nayo, hapa unaanza mwanzo. Nawasihi wenzangu msichanganye diwani na mwenyekiti wa mtaa: wote ni wa serikali za mitaa, lakini diwani tunampigia siku moja na rais.

Mwaka 2019 nilikuwa Marangu namuuguza mama, siku za kuandikisha zikapita nikiwa huko.

Basi 2024 redio ilipotangaza kwamba kuandikisha ni kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, niliziandika tarehe hizo ukutani kwa chaki. Hapo likazuka jambo jingine. Mama mwenye nyumba, ambaye namheshimu kama mama yangu, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mpangaji, kwenu ni Marangu. Si ukajiandikishe kwenye kihamba chenu?" Sisi Wachaga ukituuliza kwetu ni wapi, tunataja kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, hata kama tumezeeka mjini. Nikifa nitazikwa Marangu, hilo halina ubishi. Lakini sharti halisemi unazikwa wapi, linasema uwe mkazi wa mtaa unaopigia kura. Mengine ni uwe raia wa Tanzania, umefikisha miaka 18, na usiwe na ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari. Hati ya nyumba haimo. Nilimweleza mama hivyo, taratibu, naye akakubali.

Nilikwenda tarehe 14, sikukuu ya Nyerere, nikiwa na bibi jirani yangu ambaye hana kitambulisho cha aina yoyote na alikuwa anaogopa kufukuzwa. Hatukuombwa kadi. Binti mwandikishaji alimwamkia bibi shikamoo, akamuuliza jina, umri na anapokaa, kisha bibi akaweka dole gumba. Hakuna picha, na hakuna kadi unayopewa. Kwa sababu hiyo wengine huondoka wakidhani hawajaandikishwa.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 17, akanifuata akitumaini. Ikabidi arudi.

Kilichoniokoa safari hii ni kwenda kuangalia orodha ilipobandikwa. Ubini wangu ulikuwa umekosewa herufi mbili, na jina la bibi lilikuwa sawa. Nikamwona msimamizi siku hiyo hiyo, pakasahihishwa. Kama nisingepita pale, ningeligundua kosa siku ya kura, mbele ya foleni, na sijui kama ningekuwa na moyo wa kubishana tena.

Jumatano ya 27 Novemba vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi. Mimi nilionyesha kitambulisho cha taifa. Bibi hakuwa na cha kuonyesha, lakini watu wa mtaa waliokuwa pale walimtambua, akaruhusiwa. Alichukua muda mrefu kwenye kile kibanda, na hakuna aliyemharakisha. Alipotoka alinishika mkono hadi nyumbani bila kusema neno.

Desemba ile ile watu wa Tume walifika mkoani kwetu kuboresha Daftari la Kudumu. Kadi yangu ilikuwa bado inasoma jimbo la Vunjo, maana niliichukua nikiwa nyumbani Marangu. Nikahamisha taarifa zangu kuja Moshi Mjini, ili na diwani nitakayempigia awe wa kata ninayoishi. Safari hii mwanangu hakurudishwa: kwa Tume, aliyekuwa na miaka 17 aliandikishwa iwapo angekuwa ametimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi mkuu wa 2025, na yeye alikuwa anatimiza Februari. Akapigwa picha, akaweka vidole kwenye mashine. Kadi yake akaiweka ndani ya Biblia yangu, akisema huko haitapotea.

Nimemweleza kwamba kwa mtaa kadi hiyo haitamtosha, na kwamba orodha itakapoandikwa tena tutakwenda pamoja.