Sinema ya uani, Makindye

Sisi wapenda filamu wa Kampala tumelelewa na vibanda vya video: mabenchi, joto, na VJ, msimuliaji wa filamu, akitafsiri kila risasi kwa Kiganda. Nawaheshimu sana akina VJ Jingo na VJ Junior. Ila hapa Makindye majirani zangu wengi ni Wakongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na akina mama hawaendi kibandani usiku. Nikataka sinema iwafuate uani.

Nilianza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, maana mkusanyiko wa usiku asioujua yeye hauishi vizuri. Alitoa sharti moja: ikifika saa 3:30 kuwe kimya. Halikutubana hata kidogo. Ulaya wakati wa kiangazi jua huchelewa kutua, watu hukaa mpaka karibu saa 4 usiku ndipo picha ionekane. Sisi jirani wa Ikweta, mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12:30 na saa 1:10 hivi, na nusu saa baadaye giza limetanda. Watoto wanamaliza filamu nzima na shule ya kesho haiharibiki.

Nilichagua Julai, mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimekwisha na zile za Septemba bado. Na si kwa ajili ya ukavu tu: mvua zikianza kunyesha, kumbikumbi huufuata mwanga wa projekta mpaka picha inapotea.

Projekta niliikodi. Pazia ni shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, kwani moja hupitisha mwanga na picha ikafifia. Funga na pembe za chini. Bila hivyo upepo kidogo tu huzichezesha sura za watu. Spika ziwe karibu na mikeka. Ukizipeleka mbele kwenye pazia utalazimika kupandisha sauti, na jirani wa ng'ambo ya ukuta hakuomba sinema.

Filamu ilikuwa ya Kiganda, ya hapa nchini, na mwenye filamu alituruhusu kuionyesha bure. Hapo ndipo penye kazi: kuitafsiri kwa Kiswahili, maikrofoni mkononi. Niliitazama mapema, tena na tena, nikiandika mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza. Nakuambia, kunyamaza ndiko kugumu. Watu wakishajua nani ni ndugu ya nani, machozi ya mwigizaji hayahitaji mkalimani.

"Mwalimu, huyu naye ni nani?" akauliza mama mmoja wa Bukavu.

"Shemeji yake, mama."

"Basi asimfungulie mlango!"

Kuanzia hapo ua mzima ukaanza kumshauri mwigizaji, kila mtu kwa Kiswahili cha kwao, nami nikashusha maikrofoni. Sijapata raha ya namna hiyo kwenye ukumbi wowote wa viti laini mjini.

Desemba, mvua zikikatika, tunaonyesha tena. Mama wa Bukavu amekwisha kuomba filamu mapema, aitazame kwanza. Safari hii atatafsiri yeye.