Kesi iko wilayani, dagaa wako kichanjani

Ugomvi wa mpaka kati ya familia yetu na majirani zetu hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ni mkubwa kwangu kwa umri. Babu yangu na babu yao waligombea kipande cha mwambao ambapo wanawake wa pande zote mbili huanika dagaa, na wote wawili tumewazika bila kupatana. Nimekua nikiambiwa kwamba iko siku utaisha. Naamini tunaweza kuishi vizuri hata kabla ya siku hiyo.

Mpaka wenyewe ulikuwa safu ya minyaa iliyoteremka kutoka kwenye jabali hadi karibu na maji. Mwaka 2020 ziwa likajaa kupita kiasi, minyaa ya chini ikazama na kuoza. Maji yalipopungua, kila upande ukawa na mahali pake pa kuonyesha: "Mnyaa wa mwisho ulikuwa hapa." Ugomvi uliolala ukaamka. Vichanja vikang'olewa usiku, dagaa wa mama mkubwa wakamwagiwa mchanga, watoto wakakatazwa kusalimiana.

Tukaenda baraza la kata. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena kesi za ardhi. Linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi hapa wanasema limeng'olewa meno. Kwetu lilitusaidia kwa sababu hiyohiyo. Mama mmoja wa baraza, baada ya kusikiliza habari za mababu hadi mchana, aliuliza: "Hivi dagaa mnaanika saa ngapi, na nani anatangulia kufika?" Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo.

Suala la umiliki lilishindikana, likaenda wilayani. Lakini suala la kuanika lilibaki mikononi mwetu, na hilo ndilo linalotulisha. Tena, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo hata atakayeshinda hatajenga ukuta pale.

Sasa tunakutana wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, hakuna mzigo unaosubiri jua, na watu wana subira. Kwenye kikao mababu hawatajwi, wala umiliki. Anayelalamika anasema nini kimefanyika, wapi, na anataka kirekebishwe vipi. Daftari ni moja, naandika mimi pamoja na binti wa upande wa pili, tunasaini wote. Maneno yenyewe ni ya kawaida kabisa: "Kichanja cha kwenye jiwe kimesogezwa hatua mbili. Kirudishwe kabla giza halijaingia." Kikarudishwa. Mtu akishikiwa panga, hilo si la daftari. Hilo ni la polisi, na tumekubaliana hivyo.

Kanuni nyingine aliileta mama: msiba hausubiri kesi. Mzee wao mmoja alipofariki, mama alibeba unga na kuni, akalala msibani mpaka matanga yakaisha. Baadhi ya wajomba walikasirika, wakasema anadhoofisha kesi yetu. Nampinga yeyote anayesema hivyo. Mtu uliyelia naye msibani anaweza kukushtaki wilayani, lakini ni vigumu aje usiku kumwagia dagaa wako mchanga. Tangu msiba ule tunaamkiana. Nikimpitia mzee wa upande wa pili, "Shikamoo baba mdogo," ananijibu, "Marahaba mwanangu, mama hajambo?" Na bado ni mdaiwa kwenye kesi yetu.

Wilaya ikiamua, tutaheshimu. Kwa sasa mvua za vuli zinakaribia, na dagaa akinyeshewa bei inaporomoka, anaishia kuwa chakula cha kuku. Nimependekeza atakayekuwa karibu wingu likifunga afunike vichanja vyote, vya kwao na vya kwetu. Baba mdogo amekubali na ameahidi turubai lake kubwa. Shangazi yangu ndiye anayekataa, hataki mkono wa mtu wa upande ule uguse mzigo wake. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwake, nikae naye mpaka tuelewane.