Siku Moja Kwenye Behewa la Gadi

Adhana ya alfajiri inapomalizika hapa Ngamiani, mjini Tanga, na nikishaswali, jambo la kwanza ninalolifanya ni kutoka uani na kupangusa bati la jiko la nje kwa kiganja. Bati likiwa na umande, najua kwamba hakuna kupaka mafuta wala vanishi kabla jua halijapanda vizuri, kwa sababu mbao ya behewa iliyolala na unyevu haishiki kitu, na rangi iliyopakwa juu yake hutoa malengelenge kabla ya mwaka kwisha. Kuhifadhi mabehewa ya zamani katika mji wa bahari ni kazi inayoanza na hali ya hewa. Leo bati lilikuwa limelowa chapachapa, kwa hiyo nikapanga upya ratiba ya asubuhi nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

Saa 12 na nusu nilikuwa juu ya baiskeli, na kabla ya saa 1 nilikuwa nimefungua banda letu la mabati ambamo behewa letu limesimama juu ya kipande kifupi cha reli. Ni behewa la gadi, lile lililofungwa mwisho wa treni ya mizigo, ambamo gadi alikaa na bendera zake, taa yake na gurudumu la breki ya mkono. Fremu yake ni ya chuma, ekseli zake ni mbili, na bodi yake ni ya mbao za mtiki zilizogongwa juu ya nguzo za mninga. Kwa miaka mingi lilikuwa stoo ya magunia katika shamba moja upande wa Ngomeni, na mwenye shamba alikuwa tayari kuliuza kwa uzito wa chuma chake. Nilipoliona mara ya kwanza mchwa walikuwa wamekula sakafu karibu yote, lakini nguzo za mninga walikuwa wameziacha kama walivyozikuta.

Sisi watu wa Tanga tuna sababu ya pekee ya kuyaonea uchungu magari haya. Reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa hapa mwaka 1893, ikasogea polepole hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, kisha ikafika Arusha mwaka 1929. Mkonge, kahawa, mbao na abiria wa vizazi vinne au vitano vilipita juu ya njia hiyo, na bado reli ni ile ile ya upana wa mita 1. Hata hivyo, ukimwomba mtu akuonyeshe behewa moja tu la mbao la zamani lililo zima, utazunguka naye mpaka mchoke.

Saa ya kwanza ya kazi ni ya daftari na kamera. Hapa kwetu hakuna kitu kinachotolewa mahali pake kabla hakijapigwa picha, kuchorwa, kupimwa na kufungwa kibati chenye namba. Kijana anayejifunza kwangu huliona jambo hili kuwa linachelewesha kazi, nami simlaumu. Leo nilimpa skrubu 12 za shaba za bawaba ya mlango mmoja, nikamwomba azirudishe bila kutazama daftari. Alijaribu kwa robo saa. Kila skrubu ilikuwa imelika kwa namna yake kulingana na tundu lake, na nne kati ya hizo hazikukubali kuingia popote alipozijaribu. Baada ya hapo alikwenda mwenyewe kuchukua vibati.

Kuanzia saa 2 hadi saa 5 nilikuwa kwenye ubavu wa kushoto, nikifanya kazi ninayoipenda kuliko nyingine zote. Tunaiita kufungua dirisha la rangi. Unachagua sehemu ndogo, pana kama mdomo wa kikombe, unaisugua kwa msasa laini uliochovywa majini, ukianzia katikati na kupanua pembeni polepole, mpaka kila tabaka la rangi lionekane kama pete ndani ya pete nyingine. Maji ni ya lazima, na barakoa pia, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia kifuani au likifika nyumbani kwenye nguo, wa kwanza kudhurika ni watoto. Matope yanayotoka tunayakusanya kwenye ndoo yenye mfuniko. Hayamwagwi mtaroni.

Juu kabisa kulikuwa na kijivu cha shambani, rangi ambayo bila shaka ilipakwa kwa mfagio. Chini yake kulikuwa na wekundu uliochujuka, na juu ya wekundu huo tulikwisha kuzipata wiki iliyopita herufi T, R na C. Leo, karibu saa 4, niliposogeza msasa vidole viwili upande wa kulia, uliibuka mstari mweupe uliopinda mahali ambapo T haiwezi kupinda. Niliacha msasa, nikachukua pamba yenye spiriti, nikapangusa taratibu, na chini ya tabaka la TRC ikajitokeza herufi R, na kushoto kwake mguu mmoja wa herufi A. Nilimwita kijana aje aone kabla hapajakauka. E, A na R ni herufi za jina la Kiingereza la Reli ya Afrika Mashariki, ambayo ilianza mwaka 1948 reli za Tanganyika zilipounganishwa na za Kenya na Uganda, ikavunjika mwaka 1977, ndipo Shirika la Reli Tanzania, yaani TRC, likazaliwa. Kwa hiyo behewa hili lilikuwa kazini kabla ya mwaka 1977, na ushahidi wenyewe ni rangi nyembamba kuliko ukucha, iliyobaki ubavuni kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuikwangua.

Ninasema hivyo kwa majuto. Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana mahali pengine, nilipewa behewa la bidhaa nilisafishe, nami nikalisafisha kwa gurainda siku mbili mfululizo mpaka chuma kikang'aa kama sufuria mpya. Wote walinisifu. Ilikuwa baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimefuta kila namba, kila herufi na kila alama ya chaki iliyokuwa chini ya rangi ile, na kwamba hakuna mtu duniani atakayejua tena behewa lile lilitoka wapi.

Jua lilipokuwa limekausha mbao tulihamia kwenye fremu. Kutu nene tunaibandua kwa nyundo ndogo na brashi ya waya, na ile nyembamba iliyoganda kwenye vishimo tunaipaka maji ya tanini, ambayo huibadilisha kuwa ganda jeusi lenye rangi ya samawati kwa mbali, na ganda hilo hupokea rangi ya kwanza vizuri. Tanini hiyo hiyo imejaa kwenye magome ya mikoko yetu, ingawa mimi siendi kuigusa mikoko kwa ajili ya behewa. Nanunua ya unga dukani. Ribiti zilizo nzima hatuzing'oi hata kama bolti ni rahisi zaidi kupatikana. Tulizihesabu leo upande mmoja: kati ya ribiti 46, mbovu ni 5 tu.

Saa 7 tulikula wali na samaki, tukaswali, tukalala kidogo kivulini.

Alasiri ilikuwa ya boksi la ekseli, na humo kulikuwa na somo zuri. Tuliinua kona moja ya behewa kwa jeki, tukaweka mataruma chini yake, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki hata dakika moja, kisha tukafungua kifuniko cha chuma. Ndani mlikuwa na sufu iliyoshindiliwa, nyeusi, nzito, bado ikinuka oili. Kazi yake ilikuwa kunyonya oili kutoka chini na kuipaka kwenye shingo ya ekseli kila inapozunguka. Juu ya shingo hiyo imekaa beringi ya shaba iliyotandikwa metali nyeupe, mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni bati, ambao ni laini kwa makusudi: oili ikikauka na boksi likapata moto, metali hiyo huyeyuka kwanza, na ekseli yenyewe inaweza kuokoka. Kijana alipitisha ukucha juu yake, akaona mfereji mmoja tu mwembamba. Tuliamua beringi irudi ilivyo, na sufu mpya iwekwe. Ile ya zamani nimeitia ndani ya mtungi na kuifungia kibati.

Saa 10 na nusu alifika mzee wetu, kama anavyofika kila Jumatano, na fimbo yake na kofia yake ya kufuma. Alikuwa gadi kwenye njia hii tangu enzi za Afrika Mashariki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu mmelifikisha wapi?"

Nilimwonyesha ile R. Aliitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akamgeukia kijana na kuanza kumweleza breki za vakyumu: kwamba hewa inanyonywa kutoka kwenye bomba ili breki ziachie, na hewa ikirudi breki zinakamata, hivyo treni ikikatika njiani kila upande unasimama wenyewe bila kumngoja mtu. Alipomaliza aliomba kuona dawati la gadi, ambalo tulikuwa tumelitoa jana na kuliweka juu ya meza. Nikainua mfuniko wake.

Upande wa ndani wa mfuniko kuna maandishi ya penseli, yaliyofifia kiasi kwamba ni lazima uyaangalie kwa upande, taa ikiwa chini. Kijana alikuwa ameniuliza asubuhi kama tuyapige msasa kabla ya kupaka mafuta ya kitani, nami nikamwambia upande huo hautapakwa chochote. Nilishika tochi. Mzee aliinamisha kichwa, akasoma kwa kidole: Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi, Korogwe, Mombo. Baada ya Mombo penseli imefutika, ni mbao tupu. Kidole chake hakikusimama. Kiliendelea kushuka juu ya mbao tupu, naye akiendelea kutaja, Mazinde, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya, Same, na mimi nikaandika daftarini nyuma yake, moja baada ya nyingine, mpaka alipofika Kahe, akapumua, akasema, "Na Moshi."