Mbolea ya Moto

Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, na wiki haikuisha kabla wanangu hawajamaliza kila mchezo unaochezeka ndani ya uzio wetu hapa Mbagala. Wa kiume alikuwa na miaka 10, wa kike 6. Nikawaambia tulime mchicha.

Nyuma ya nyumba, kati ya karo na mpapai, palikuwa na kieneo cha hatua sita kwa nne. Udongo wetu ni mchanga mtupu, maji ukiyamwaga yanazama papo hapo, kwa hiyo nilijua bila mbolea hatuvuni kitu. Jirani anayefuga kuku wa mayai akanipa kiroba kizima, kikali hadi macho yanawasha. Nikakimwaga chote, nikachanganya kwa jembe. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, basi tulizichanganya na mchanga mkavu kwenye bakuli ili zisidondoke rundo. Binti yangu ndiye aliyezinyunyiza, polepole, ulimi nje.

Siku ya nne zikaota: vishina vyekundu vyembamba kama uzi, kila kimoja na vijani viwili. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anachuchumaa pale kuvihesabu.

Kisha ncha za majani zikawa za kahawia, vishina vikanywea, na baada ya siku tatu tuta zima lililala. Alinikuta jikoni nakuna nazi, kopo lake la kumwagilia mkononi.

"Mama, nimeimwagia maji mengi. Nimeiua."

Nilikuwa nimeshaanza kuhisi kwamba ni ile mbolea yangu. Lakini nikamjibu tu, "Basi, tutapanda mingine." Sikumwambia kwamba si yeye. Jibu lile linaniuma mpaka leo kuliko miche yenyewe. Siku mbili hakuligusa kopo, na nyuma ya nyumba hakwenda.

Siku ya tatu mzee wa nyumba ya pili, aliyelima mboga bondeni miaka mingi, alikuja kuazima ngazi. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, akapita hadi kwenye tuta. Akachota udongo kwa vidole, akaunusa.

"Mwanangu, hii mbolea mbichi. Ya kuku ina moto, inaunguza mizizi. Ungeilaza kwanza mpaka iive."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Nilimwita, nikachuchumaa tukatazamana.

"Si maji yako. Mimi ndiye niliyeweka mbolea mbichi. Nilihisi hivyo tangu juzi nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Hakusema kitu. Aliingia ndani akarudi na kopo.

Tuliukwangua udongo ule wote tukaurundika chini ya mpapai, tukauchanganya na majani makavu, tukaulowesha na kuufunika kwa turubai. Babu akatupa samadi ya ng'ombe iliyooza siku nyingi, tukasia upya. Masika ilikuwa imepamba moto, hivyo alituonyesha kutandaza nyasi kavu juu ya tuta ili matone yasifukue mbegu, na kuziondoa jioni miche inapochomoza, jua lisije likaishtua. Wiki ya nne tuling'oa mafungu matatu, nikayapika kwa nazi. Kaka mtu alikula sahani mbili.

Binti yangu yeye alikuwa na shughuli na lile rundo. Kila Jumamosi tulipoligeuza, alichota kiganja kimoja, akafumba macho, akanusa kama alivyofanya Babu. "Bado, Mama." Wiki iliyofuata, "Bado." Nikafunika.

Mwezi Juni, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, alinusa mara mbili. Hakusema chochote. Alinyanyua kiganja chake hadi puani kwangu. Harufu kali ilikuwa imekwisha, palibaki harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

"Imeiva," akasema, akaenda kuchukua ndoo.