Kebo ya nyaya tano na paipu ya 20: pampu ya shangazi, sehemu ya pili

Jumamosi

Leo sijavuta hata mita mbili za kebo. Kosa lote liko kwenye nambari moja: 20.

Kwa ambaye hakusoma sehemu ya kwanza: shangazi ana nyumba ya zamani ya mawe hapa Lamu, kisima kiko chini kiwandani (uani) na tangi liko juu ya paa. Pampu imekaa kando ya kisima pamoja na boksi la kontakta, ile swichi inayowasha pampu. Breka ziko juu, karibu na ngazi ya paa, na boya la tangi ndilo litakaloiambia pampu iwake au izime. Kwa hiyo nyaya tano zinashuka pamoja: moto, nutro, ethi, na mbili za boya. Badala ya kuteremsha kebo mbili nilinunua moja yenye nyaya tano za 2.5, ganda la raba nyeusi, kahawia, nyeusi, kijivu, buluu na kijani-njano ndani.

Dukani nikaulizwa, "Waya ya ngapi?" Nikajibu 2.5. Nikapewa paipu za 20, elbo za 20 na glendi za 20 (zile za kukaba kebo inapoingia kwenye boksi), nikalipa, nikapakia kwenye punda. (Paipu ndefu na vichochoro vyetu havipatani. Kwenye kila kona punda alipita, paipu zikabaki zimekwama ukutani, tukarudi nyuma tukaziinua wima. Ningekuwa na akili ningeelewa pale pale nilichokuwa naonyeshwa.)

Ile 2.5 ni eneo la shaba ya waya mmoja, milimita mraba. Haisemi lolote kuhusu unene wa kebo nzima. Kebo ya ganda la plastiki na ya ganda la raba zinaweza kuwa na shaba ile ile, moja ikawa nyembamba na nyingine nene kama kidole gumba. Hii yangu nimeipima kwa kalipa sehemu tatu, maana ikiwa imekunjwa kwenye roli huwa imebonyea kidogo: 14.8 mm. Paipu ya 20 nayo, hiyo 20 ni kipenyo cha nje. Ndani nimepata 16.5. Kwenye kipande kilichonyooka kebo ilipita kwa kusukumwa. Kwenye elbo ya kwanza ilisimama kabisa, na nilipoivuta kwa nguvu ganda lilichunika.

Jumapili usiku

Nimekaa na daftari. Hesabu yenyewe haihitaji hata pai, kwa kuwa vyote ni duara: zidisha kipenyo cha kebo kwa chenyewe, kipenyo cha ndani cha paipu kwa chenyewe, gawanya, upate kebo inajaza asilimia ngapi ya paipu.

Paipu ya 20: 219 kwa 272, asilimia 80.
Paipu ya 25, ambayo ndani ni 21.2: 219 kwa 449, asilimia 49.

Kanuni za umeme za Marekani zinaweka ukomo wa asilimia 53 kwa kebo moja ndani ya paipu, 31 kwa mbili, na 40 kuanzia tatu. Hiyo 31 ilinichanganya, mbona mbili zipewe nafasi ndogo kuliko tatu? Nikachukua chupa mbili za soda nikaziingiza kwenye ndoo. Vitu viwili vya duara vinalala ubavu kwa ubavu, vinashika ukuta huku na huku, na pembeni panabaki nafasi isiyomfaa mtu. Vikiwa vitatu vinajipanga pembetatu. Ila hata vitatu vina hila yao: paipu ikiwa na upana wa karibu kebo tatu, kwenye kona zinaweza kujipanga mstari mmoja zikajibana kama kabari.

Basi ni 25. Na elbo kali sitaki tena, nitatumia bendi za mviringo mpana.

Jumanne

Paipu za 25 zimepanda. Sikuchimba ukuta. Plasta ya chokaa ya nyumba hizi ukiigusa inabomoka hadi kwenye matumbawe, na njia ya paipu inapita karibu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo shangazi anavilinda kuliko pampu yenyewe. Paipu zimefungwa juu ya ukuta kwa skrubu za stenlesi, maana za kawaida kwa chumvi ya hapa zinalia kutu mapema. Poda ya mtoto juu ya ganda la raba, mpwa wangu akisukuma kutoka juu, mimi nikivuta chini. Dakika ishirini, bila tusi hata moja.

Shangazi kapita na kikombe chake cha kahawa: "Mai yaya lini?" (maji yanakuja lini?)

Nimemwambia bado glendi.

Alhamisi

Glendi ndizo zimekula muda. Juu, paipu inaishia chini ya ukingo wa paa, na kebo inatembea uchi kama futi mbili hadi kwenye boksi la juu. Hapo ndipo raba ya glendi inatakiwa ikabe kebo pande zote. Glendi huchaguliwa kwanza kwa unene wa nje wa kebo. Nambari ya M20 au M25 inahusu uzi, yaani mikato ya skrubu inayoingia kwenye tundu la boksi. Za M20 nilizopewa zimeandikwa 10–14, yangu ni 14.8. Mtu angeweza kuilazimisha, lakini raba iliyobanwa kupita kiasi hujikunja na kuacha mfereji wa maji. M25 yangu inashika 13 hadi 18, kebo imekaa katikati. Nimeiacha kebo ishuke chini ya usawa wa boksi kisha ipande kuingia, mvua idondokee pale kwenye tumbo lake.

Kebo ya boya ni nyembamba, 9 mm, inataka M20 ile ndogo ya 6–12. Nilipewa moja, nati ikashika nusu mzunguko ikagoma. Nikadhani mchanga. Nimeisafisha, ikagoma tena. Kupima uzi: 20.4. Kumbe ni PG13.5, uzi wa zamani wa Kijerumani, karibu sana na M20 kwa macho lakini haviingiliani. Vilikuwa vimechanganywa kwenye kopo moja dukani.

Ijumaa, baada ya sala

Breka kuu imezimwa. Karatasi ya shashi ndani ya boksi la juu, kifuniko, ndoo nzima ya maji. Nimefungua: upande wa M25 shashi kavu. Upande wa boya, ambako tundu nimeliziba kwa kipande cha raba na mkanda, imelowa kona moja. Siwashi kitu hapo. M20 yenye uzi wake inakuja na boti ya kesho kutoka Mokowe, na fundi mwenye leseni anakuja Jumatatu kupima ethi. Hadi hapo shangazi anateka kwa ndoo, na ananitazama.