Mkono wanuka panya

Alama za meno bado ziko hapa kwenye kiganja, nukta nukta kama nimechomwa na sindano. Chatu ndiye aliyeniuma, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye banda la nyoka hapa Malindi. (Banda lina kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya; nyoka wa porini hafugwi hivi hivi Kenya.) Asubuhi hiyo niliyeyusha panya wa friza kwenye maji moto, nikajipangusa mikono kwenye suruali, kisha nikafungua sanduku la chatu wa mita mbili nimbadilishie maji. Hata sikuona alivyoruka. Nilishtukia keshanikamata, anaanza kujizongomeza mkononi.

Nikataka kuvuta. Mzee ninayefanya naye kazi akanipigia ukelele: "Usivute, mwanangu! Meno yamepinda kwa ndani hayo, utajichana." Akamzongoa kuanzia mkiani, akammwagia maji baridi mdomoni mpaka akaachia. Kisha akaninusa vidole. "Mkono wanuka panya. Yeye ana kosa gani?"

Chatu hana sumu, lakini kidonda nilikiosha kwa sabuni na sindano ya pepopunda nikachomwa.

Tangu hapo chakula na kushikwa nimevitenganisha. Panya hupita kwenye koleo refu, si vidoleni, na hazidi unene wa tumbo la nyoka mwenyewe. Hai simpi, maana panya naye ana meno. Huyu wangu hula kila baada ya wiki mbili. Macho yakifanya ukungu wa buluu najua anataka kujivua gamba, namwacha. Siku ya kumtoa, kwanza nanawa, halafu namgusa ubavuni kwa upembo, ule ule wa kuangulia maembe. Akiguswa hivyo hutulia, ajua leo hakuna panya. Ndipo namwinua kwa mikono miwili, mwili wote umeegemea.

Lililonishinda kwa muda ni wageni. Nyoka akishakula hashikwi kwa saa 48, lakini mtu kaja na wanawe anakubembeleza picha moja tu. Nilikubali mara moja. Chatu akamtapika panya aliyesagika nusu, uvundo ukakaa bandani siku mbili, nami nikangoja wiki mbili ndipo nikampa kapanya kadogo.

Siku hizi nikiwa nimemlisha jana, wageni nawapeleka kwa kobe.