Reli haipendi mlima: kwa miguu kutoka stesheni ya Mwanza hadi Nyegezi

Sitegemei kuiona treni ya chini ya ardhi Mwanza, na aliyewahi kuchimba msingi wa nyumba Igogo hahitaji kuelezwa kwa nini. Sururu inagonga mwamba kabla jasho halijatoka. London walibahatika kukalia udongo wa mfinyanzi, unaochimbika bila kuporomoka ovyo. Hata hivyo treni yao ya kwanza, ile ya Januari 1863, ilipita kwenye mtaro uliochimbwa barabarani kisha ukafunikwa. Kutoboa udongo kwa kina walijifunza baadaye.

Haya nimeyapata kwa mpwa wangu. Alisoma huko, akarudi na tabia ya kutembea juu ya ardhi akifuata njia ya treni iliyo chini yake. Anasema wapo watu wengi wa namna hiyo London. Njia aliyoimaliza yeye inaitwa Victoria, jina la malkia yuleyule ambaye Speke alimpa ziwa letu mwaka 1858 bila kumuuliza mtu. Ina stesheni 16 na kilomita 21, kutoka Walthamstow Central hadi Brixton, na abiria haoni jua mwanzo mpaka mwisho. Ukitembea juu yake unavuka mto Thames kwa daraja la Vauxhall. Ukiwa ndani ya treni, mto unapita juu ya kichwa chako nawe unachezea simu.

"Sasa mjomba, hapa kwetu tufuate ipi?"

Nilimwambia reli tuliyonayo ni moja, iko juu, kila mtu anaiona. Akauliza mara ya mwisho kuitazama ilikuwa lini. Nikanyamaza, maana mimi ni mtu wa daladala. Njia ya kusini mwa mji naijua kama konda anavyoiita, Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, majina yamepangana kana kwamba yako umbali mmoja. Akasema ramani ya treni za London nayo ina ujanja huohuo. Mchoraji Harry Beck aliichora kwa mistari iliyonyooka, ikatolewa kwa umma mwaka 1933, na tangu hapo wageni wanalipa nauli kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, mwendo usiofika mita mia tatu.

Nilimpa sharti moja tu, kwamba hatukanyagi mataruma. Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, na treni ya mizigo haina adabu ya kupiga honi mapema kwa ajili ya watalii wa ndani. Tungetembea barabarani na kwenye vichochoro, reli ikiwa jirani.

Tulianzia stesheni asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Ukisimama pale unaelewa mara moja kwamba reli haikuishia mjini, iliishia majini. Njia ya kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928. Kabla ya hapo mzigo wa Mwanza ulipanda meli kuelekea Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901. Kwa hiyo kwa zaidi ya robo karne mji huu ulitazama kaskazini kuliko ulivyotazama Dar es Salaam, ambayo kwa reli iko zaidi ya kilomita 1,200. Mpwa wangu, ambaye hupenda kunirekebisha, hapo alinyamaza akapiga picha.

Kuelekea Igogo ndiko nilikoanza kuvutiwa, na sikutarajia. Kulia kwako ziwa, kushoto mlima wa mawe makubwa yaliyopangana, nyumba zimejibanza katikati ya mawe mpaka juu kabisa. Katikati ya maji na mlima pamebaki ukanda mwembamba wa tambarare, na vyote vimejazana humo: reli, barabara, maghala, viwanda vya minofu ya samaki, gereji, vibanda vya chipsi. Nimepita hapo miaka yote nikilaumu foleni. Kwa miguu unaona foleni ilianza zamani. Reli haipendi mlima. Kichwa cha treni kinachovuta mabehewa mazito kinashindwa na mwinuko ambao bodaboda haiusikii hata kidogo, kwa hiyo mpimaji wa reli huanza kwa kutafuta tambarare. Hapa tambarare ni hiyo moja, na ukitaka barabara au kiwanda kinachohitaji maji na mzigo, huna pengine pa kwenda. Aliyekosa nafasi chini akapanda mlimani na tofali kichwani. Mpwa wangu anasema treni ya Victoria haijui kama juu yake kuna kilima au bonde. Ya kwetu imelitii kila jiwe.

Karibu na bandari ya Mwanza Kusini tulimkuta mzee ameketi kwenye kivuli, redio mapajani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnatafuta nini na jua hili?"

"Tunafuata reli tu, babu."

"Kwa miguu? Daladala zimewafukuza?"

Alicheka peke yake kwa muda, kisha akatuambia alipata kuwa kibarua wa kupakia mabehewa melini. Hapo mpwa wangu akakaa chini, safari ikasimama. Bandari hii ndiyo mahali ambapo treni hupanda meli. MV Umoja ina reli sakafuni. Behewa linasukumwa kutoka nchi kavu kupitia daraja dogo linaloinuka na kushuka kufuata kina cha ziwa, linafungwa minyororo, kisha linavuka maji hadi Port Bell, Uganda, magurudumu yake yakiwa juu ya chuma muda wote.

"Kazi haikuwa kusukuma," mzee alisema. "Kazi ilikuwa kupanga. Ukijaza upande mmoja kwanza, meli inalala. Unaweka huku, unaweka kule, nahodha anaangalia."

Nikamuuliza kama alipata kuvuka nayo. "Mimi? Naogopa maji." Akaongeza sauti ya redio.

Mkuyuni tulikula. Sato wa kukaanga, ugali, kachumbari. Mama aliyetuhudumia alituita wanangu, mpaka mimi mwenye mvi. Meza ya pili watu walibishana bei ya mabondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa sangara kinachokaushwa na kusafirishwa mpaka China, na kwa namna walivyoshusha sauti kila tulipogeuka, nadhani pesa iko huko kuliko kwenye minofu. Kuhusu kipande kinachofuata sina mengi. Butimba ni jua, vumbi la malori na kupanda kidogo. Reli tuliipoteza nyuma ya nyumba, tukaiona tena, tukaipoteza.

Tulipofika Nyegezi miguu ilikuwa inauma, na mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, mpya ina milimita 1,435, na imesanifiwa kwa treni za abiria za mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Treni ya mwendo huo haiwezi kukata kona kali kila inapokutana na jiwe. Itabidi mawe nayo yatii safari hii.

Stendi, tukisubiri daladala ijae, mpwa wangu alitoa daftari akachora ramani yetu kwa mtindo wa Beck. Stesheni, Igogo, Mwanza Kusini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi. Pale Mwanza Kusini akaweka kiduara cheupe, kile ambacho London hukiweka penye kubadilisha njia, akavuta mstari wa bluu kwenda juu na kuandika Port Bell.

Nikamwambia hapo amedanganya, Umoja ni meli ya mizigo, abiria wa treni hawabadilishi chochote pale.

"Mabehewa yanabadilisha," akasema.

"Behewa siyo abiria."

"Mjomba, ramani ni ya nani?"

Konda akapiga bati, tukapanda tukiwa bado tunabishana.